Maswali ya Julai, Majibu ya Novemba

Jumapili ya Julai 28, 2024, Yanga iliifumua Kaizer Chiefs mabao 4-0 mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, ikabeba Kombe la Toyota na kurudi nyumbani kifua mbele. Agosti 8 ikaifunga Simba 1-0 kwa bao la Maxi Nzengeli katika nusu fainali ya Ngao ya Jamii. Siku tatu baadaye ikaichapa Azam 4-1 na kuondoka na Ngao yenyewe. Hapa Mlandege, mjini Iringa, ambako baridi ya miezi hiyo huwafanya watu wavae jezi juu ya sweta, habari ya ubingwa ikawa imekwisha kabla ligi haijaanza. Kilichobaki kubishaniwa ni pengo la pointi.

Walikuwepo waliouliza swali moja, tena mashabiki wa Yanga damu: siku Ibrahim Hamad 'Bacca' au Dickson Job asipokuwepo, katikati ya ukuta anasimama nani? Swali hilo halikujibiwa. Muulizaji aliambiwa kwamba yeye ni Simba aliyejificha ndani ya jezi ya kijani, maongezi yakahamia kwa Stephane Aziz Ki na Pacome Zouzoua, na kahawa ikaendelea kumiminwa.

Novemba 2 pale Chamazi, Bacca alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza dhidi ya Azam, Gibril Sillah akafunga, Yanga ikalala 1-0. Novemba 7 Bacca akiwa anatumikia adhabu, Tabora United ikaja ikafunga mabao matatu na kuruhusu moja. Novemba 15 klabu ikaachana na kocha Miguel Gamondi, yule yule aliyeipa ubingwa wa ligi msimu uliotangulia na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako Mamelodi Sundowns walihitaji penalti kuitoa. Kocha mpya, Sead Ramovic, akaanza hatua ya makundi na kikosi alichokifahamu kwa siku chache tu. Mechi mbili za kwanza, dhidi ya Al Hilal ya Sudan na MC Alger ya Algeria, zote zikapotea, na safari ya Afrika ikaishia makundi.

Najua nitakachojibiwa na wana Yanga wa mtaa huu, nao wana haki ya kusema: ubingwa ulikuja. Ni kweli. Msimu ule ulimalizika Yanga ikiwa na pointi 82 na Simba 78, na kombe likabaki Jangwani kwa mara ya nne mfululizo. Lakini swali la Julai halikuwa kama Yanga itatwaa ligi. Lilikuwa swali la beki. Lingejibiwa mapema, dirisha la usajili likiwa wazi, huenda Novemba isingekuwa na kilio kile na Afrika isingeisha Januari. Ndiyo maana naandika makala haya wakati huu wa maandalizi, mechi za kirafiki zikiwa zinarushwa na kila mtu akiwa bingwa. Shabiki anayeitilia shaka timu yake kabla ya msimu anaipenda kuliko wanaomzomea, na klabu zetu kubwa zinapata hasara kila mwaka kwa sababu zimewafundisha wapenzi wao kuiona shaka kama usaliti.

Wapo watu duniani walioifanya shaka hii kuwa kazi rasmi. Marekani, ambako timu za vyuo vikuu hujaza viwanja vya watu laki moja, shirika la habari la AP limekuwa likikusanya kura za waandishi kupanga timu bora za futiboli ya Kimarekani tangu 1936, na tangu 1950 kura ya kwanza hupigwa kabla mpira wowote haujachezwa. Mwaka 2024 kura hiyo iliiweka Florida State nafasi ya 10. Ilikuwa na sifa ya kutosha: msimu uliotangulia ilishinda mechi 13 bila kupoteza, ikanyimwa nafasi ya kuwania ubingwa wa taifa, na nchi nzima ikaihurumia. Waliohesabu vizuri waliona jambo lingine. Wachezaji waliobeba zile mechi 13 walikuwa wamekwenda kwenye ligi ya kulipwa. Kwenye karatasi jina lilikuwa lile lile, uwanjani walisimama watu wengine. Florida State ikafungua msimu kwa kipigo kutoka kwa Georgia Tech mjini Dublin, Ireland, na ikamaliza mwaka na ushindi wa mechi 2 na vipigo 10.

Tanzania hatuna kura ya namna hiyo. Tunapanga timu kwa mauzo ya jezi, kwa umati wa Simba Day na Kilele cha Wiki ya Mwananchi, kwa picha za mchezaji mpya akishuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam huku vuvuzela zikimzonga. Siku hizo ni tamu na sina neno nazo. Simba Day ilianza mwaka 2009 na imekuwa sikukuu halisi; mtu anatoka Iringa usiku kwa basi, anashuka Dar alfajiri, anashinda uwanjani mchana kutwa, anarudi. Tatizo linaanza pale sikukuu inapochukuliwa kama mtihani. Mpinzani wa siku hiyo amealikwa. Hakuna anayetaka kuumia. Wachezaji wanabadilishwa kumi kwa mkupuo. Kocha mwenye akili anaficha mipira yake ya kutenga, na yule wa upande wa pili amekuja kupima pumzi za vijana wake tu. Ukishinda mechi ya namna hiyo umepata burudani. Hujapata ushahidi.

Msimu wa 2023 uliwafundisha Simba somo hili kwa uchungu kuliko timu yoyote niliyoiona. Kambi ilikuwa Uturuki. Luis Miquissone alikuwa amerudi, Fabrice Ngoma na Che Malone wamesajiliwa, Willy Onana naye yupo. Agosti 6 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwepo uwanjani Simba ikiifunga Power Dynamos ya Zambia 2-0. Wiki moja baadaye, Agosti 13 pale Mkwakwani, Tanga, fainali ya Ngao ya Jamii dhidi ya Yanga iliisha 0-0, zikaja penalti, na kipa kijana Ally Salim akadaka tatu. Nchi ililipuka. Mlandege pikipiki zilizungushwa zikipigwa honi hadi usiku.

Lakini kabla ya penalti zile kulikuwa na swali, nalo lilihusu lango. Aishi Manula, kipa namba moja wa klabu na wa Taifa Stars, alikuwa majeruhi. Kipa Mbrazili aliyesajiliwa hakufika mbali kwa sababu ya kuumia. Mmoroko Ayoub Lakred aliletwa dirisha likikaribia kufungwa. Kwa hiyo timu iliyokuwa ikitajwa kama mshindani mkubwa wa ubingwa iliingia kwenye ligi bila kujua kwa uhakika ni nani atakaa golini Novemba. Mikono ya Ally Salim ilifanya kitu kizuri sana siku ile, na ubora huohuo ukafunika swali. Nani angeuliza habari za kipa baada ya kipa kudaka penalti tatu?

Simba ikaendelea bila kupoteza kwenye ligi. Oktoba 20 ikatoka 2-2 na Al Ahly katika ufunguzi wa michuano mipya ya African Football League, na sifa zikaongezeka. Kisha ikaja Novemba 5. Manula akarudi langoni katika mechi ya watani baada ya kukaa nje muda mrefu. Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, mapumziko 1-1. Nakumbuka kibanda chetu cha kutazamia mpira kilivyokuwa wakati wa mapumziko: mabenchi yamejaa, vijana wamekaa sakafuni mbele ya skrini, mwenye banda anapita na kopo la kukusanya mia tano za waliochelewa, upande wa nyekundu wakiwa na sauti kuliko upande wa kijani. Kipindi cha pili Maxi akafunga mawili, Aziz Ki moja, Pacome akamalizia kwa penalti. Tano kwa moja. Watu wazima walitoka nje bila kuaga. Siku mbili baadaye kocha Robertinho hakuwa na kazi, na msimu ukaisha Simba ikiwa ya tatu, pointi 69 sawa na Azam, ikakosa Ligi ya Mabingwa kwa tofauti ya mabao.

Mabao matano hayatoki kwa kipa peke yake, na ningemwonea Manula nikisema hivyo. Kiungo cha Simba kilikuwa kimechoka na mabeki wa pembeni walikuwa wanapanda bila kurudi. Ninachosema ni kwamba mambo yote hayo yalionekana Agosti kwa mtu aliyetaka kuyaona. Hata mechi ya Tanga yenyewe, ukiitazama tena bila zile penalti, dakika 90 zilikuwa na maonyo ya kutosha.

Azam nao, kwa ufupi. Walimaliza wa pili 2023/24, wakarudi Ligi ya Mabingwa, wakatajwa kama timu ya kuvunja ukiritimba wa Kariakoo. Waliifunga APR ya Rwanda 1-0 nyumbani, wakalala 2-0 Kigali mwishoni mwa Agosti 2024, na Septemba ikaanza na kocha Youssouph Dabo akionyeshwa mlango. Msimu wao ulipoteza dira hata kabla mvua za vuli hazijafika.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna nafasi ya pekee katika mjadala huu, na pengine ndiyo sababu Mlandege huwezi kukosa wenye shaka. Timu kubwa tunazipokea. Tunaziona zikishuka kwenye basi, si kwenye runinga. Iringa na Mbeya ziko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mchezaji aliyezoea hewa nzito ya Dar es Salaam hufika dakika ya 70 akiwa ameshika magoti. Uwanja wa Sokoine, Mbeya, hauna huruma kwa anayependa pasi fupi fupi. Halafu kuna Ubaruku, wilayani Mbarali, katika bonde la mpunga la Usangu, kwenye uwanja wa Highland Estates, ambako hakuna hata mwinuko huo wa kusingizia.

Huko ndiko Novemba 29, 2022 Ihefu, timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja, ilipoifunga Yanga 2-1. Yannick Bangala alitangulia kuifungia Yanga. Never Tigere akasawazisha, Lenny Kissu akamaliza kazi. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Makocha, wachambuzi na wachora mikeka ya kubeti wote walikuwa wamekubaliana kwamba rekodi ile haitaishia kwenye mashamba ya mpunga. Na Oktoba 4, 2023, timu zile zile zikakutana tena, matokeo yakawa yale yale, 2-1. Mara ya kwanza mtu anaweza kuiita bahati. Mara ya pili ni taarifa: kuna timu bora kuliko zote nchini ambayo ikitolewa kwenye zulia lake inapungukiwa na kitu, na kitu hicho hakipimwi kwa mechi za kirafiki Afrika Kusini au Uturuki. Sijasikia kambi ya maandalizi ya klabu kubwa iliyokwenda kutafuta uwanja mgumu wenye vumbi na mpinzani mwenye njaa. Zinakwenda kwenye nyasi laini, hoteli nzuri na mpinzani mwenye jina.

Vijana wa bodaboda hapa mtaani waliumia sana kwa mechi zile mbili, na simaanishi kwa mapenzi pekee. Mkeka mzima wa timu kumi huchanika kwa timu moja, na kwa kawaida timu hiyo ni ile ambayo kila mtu aliiweka bila kufikiri. Hela ya kodi ya pikipiki huenda hivyo. Ukiwauliza kwa nini waliiweka, watakuambia mabao ya Agosti.

Kuna shaka nyingine, tofauti na hii ya wakubwa, na hiyo ndiyo inayonigusa kuliko zote kwa sababu ni ya nyumbani. Ni shaka ya timu ndogo iliyofanya makubwa mwaka jana na sasa inatazamwa kama kubwa.

Kusini kwetu historia hiyo ni ndefu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda daraja na katika msimu wake wa kwanza ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Wazee waliokuwa vijana wakati huo bado wanaisimulia kama jambo la jana. Ubingwa huo haukurudi tena Tukuyu. Miaka 27 baadaye ikaja Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, iliyoanzishwa 2011 na kuingia Ligi Kuu 2013. Chini ya Juma Mwambusi, ikiwa na vijana kama Deus Kaseke na Paul Nonga, ilimaliza msimu wa 2013/14 nafasi ya tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam 62 na Yanga 56, na mbele ya Simba iliyokuwa na 38. Azam waliutwaa ubingwa wao wa kwanza pale pale Sokoine, Aprili 13, 2014, kwa kuifunga Mbeya City 2-1. Mabasi na malori ya mashabiki yaliifuata timu hiyo kila mkoa. Watu wa Iringa waliokuwa hawana timu Ligi Kuu waliivaa kama yao.

Msimu uliofuata Mbeya City iliingia ikiwa na heshima ya timu ya tatu nchini, na ikaanza vibaya kiasi cha kukaa mkiani. Mpira ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila timu ilikuja Sokoine ikiwa imejiandaa kwa ajili yake, na bajeti ya halmashauri haikupanda daraja pamoja na matarajio. Mwaka 2015 Kaseke akaenda Yanga. Mwambusi naye akaenda Yanga kuwa kocha msaidizi. Ilichukua miaka, lakini mwisho wa njia ile ulikuwa 2023, Mashujaa ya Kigoma ilipoishinda Mbeya City katika mechi za mchujo na kuchukua nafasi yake Ligi Kuu.

Na Lipuli, timu yetu ya Iringa. Hili niliandike taratibu, maana Iringa bado linauma.

Wanapaluhengo walirudi Ligi Kuu mwaka 2017 baada ya miaka mingi ya kuzunguka madaraja ya chini. Kocha alikuwa Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, mtu mpole asiyepiga kelele kwenye mstari. Mei 6, 2019, Uwanja wa Samora, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports. Mpinzani ni Yanga. Kutoka Mlandege watu walishuka kwa miguu tangu saa tano asubuhi. Maduka ya vipuri yalifungwa, mama lishe waliuza wali wote kabla ya saa saba. Lipuli ilishinda 2-0, Daruwesh Saliboko na Nonga wakifunga. Nonga, aliyekuwa Mbeya City ile ya 2014 na baadaye akapita Yanga yenyewe, alikuwa anawafunga waajiri wake wa zamani mbele ya mji usioamini macho yake. Usiku ule ulanzi ulikwisha mjini.

Fainali ilikuwa Juni 1, uwanja wa Ilulu, Lindi. Obrey Chirwa wa Azam akafunga bao moja, likatosha. Bao hilo moja liliinyima Iringa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kisomwe. Julai na Agosti 2019 Lipuli ilikuwa na jina kubwa kuliko wakati wowote. Mji ulizungumza kuhusu kumaliza nafasi nne za juu. Lakini Matola alikuwa ameondoka kwenda Polisi Tanzania, na kabla ya mwaka kwisha akawa msaidizi Simba. Timu haikuwa na kiwanda wala jeshi nyuma yake. Ilitegemea wanachama, viingilio vya Samora na wafadhili wa kuombwa mmoja mmoja. Ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38, safari za basi kutoka Iringa hadi Bukoba, hadi Mtwara, hadi Musoma. Mwenye kalamu na karatasi angeweza kukaa Julai akapiga hesabu ya mafuta, hoteli na posho, akaona kwamba fedha zinaisha Januari. Sikumbuki kikao cha hadhara kilichoitishwa kufanya hesabu hiyo. Tuliimba. Julai 2020 Lipuli ilishuka daraja pamoja na Alliance, Ndanda na Singida United, na tangu hapo Iringa haijawa na timu Ligi Kuu.

Samora sasa unatumika kwa mechi za madaraja ya chini, mashindano ya shule na sherehe za kiserikali. Mtoto wa miaka sita hapa Mlandege hajawahi kuiona Simba ikicheza ligi katika mji wake.

Kwa hiyo ninaposikia kiongozi wa klabu akisema kwamba wanaohoji kikosi ni wasaliti, nakumbuka Julai 2019. Hatukuwa na msaliti hata mmoja Iringa. Hatukuwa na muulizaji pia, au tuliokuwa nao tuliwazomea.

Mbeya City wao wamepewa nafasi ya pili. Walipanda tena 2025 pamoja na Mtibwa Sugar, na Septemba 30 mwaka huo, katika mechi zao za mwanzo kabisa, Wagonga Nyundo walitoka 0-0 na Yanga pale Sokoine. Yanga ilikuwa na kocha mpya, Romain Folz, ilikuwa imeifunga Simba 1-0 kwenye Ngao ya Jamii wiki mbili nyuma, na ilikuwa imeonekana tena kwamba maswali hayana kazi. Katika banda letu siku ile walikuwepo walioridhika kuliko washangiliaji wa pande zote mbili: ni wale waliokuwa wamesema tangu Agosti kwamba timu hii inamiliki mpira bila kutengeneza nafasi. Oktoba 18 Yanga ilifungwa 1-0 na Silver Strikers nchini Malawi na Folz akafutwa kazi siku hiyo hiyo. Robertinho Novemba, Gamondi Novemba, Folz Oktoba. Wote watatu walianza msimu wakiwa na ushindi wa Ngao ya Jamii mkononi.

Sisemi kwamba makocha hao walionewa wote, wala kwamba kikao cha kijiweni kingewaokoa. Ila ukitazama ratiba utaona kwa nini swali lazima liulizwe mapema. Dirisha kubwa la usajili likifungwa, mwanya unaofuata unakuja katikati ya msimu. Mchezaji kutoka nje anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa na kibali cha kazi, na wengi hujiunga na kambi ikiwa nusu. Hatua za awali za CAF zinaanza kabla kikosi hakijazoeana. Kocha aliyepewa wiki sita, wachezaji wapya kumi na ziara ya matangazo katikati yake hana pa kusahihishia. Anasahihisha kwenye mechi zenye pointi. Akikosea tatu, anaondoka, na anayekuja anaanza upya bila hata zile wiki sita.

Mzee mmoja wa hapa mtaani, fundi cherehani, ambaye kila ukimpita anakuitikia "kamwene" bila kuinua macho kwenye kitambaa, ana namna yake ya kuitazama timu kabla ya msimu. Hatazami mabao. Katika mechi ya kirafiki anamfuata mchezaji mmoja tu, kiungo mkabaji, na anaangalia anachofanya timu yake inapopoteza mpira: anakimbia kurudi, anatembea, au ananyoosha mkono kumlaumu mwenzake. Anasema hayo ndiyo mambo ambayo mpinzani wa kualikwa hawezi kuyaficha. Nimejaribu kumfuata kwa njia hiyo na nimeona mengi, yakiwemo nisiyoyapenda kwa timu yangu mwenyewe.

Wanachama wa Simba na Yanga wana matawi kila mji, na matawi yana viongozi, kadi na wajumbe wa mkutano mkuu. Njia ipo. Mwanachama wa Mlandege mwenye kadi hai anaweza kuuliza kupitia tawi lake, kwa adabu na kwa maandishi, mambo ambayo klabu inapaswa kuyajua kabla ya kuuza jezi ya kwanza: golini nani akiumia yule wa kwanza, mabeki wa kati wako wangapi wanaoaminika, nani amepona na nani amesemwa kapona, kocha aliomba wachezaji gani na kapewa wangapi kati yao. Kwa Mbeya City, na kwa timu yoyote itakayojitokeza kuipandisha tena Iringa, swali la kwanza ni la hesabu: fedha za basi, za hoteli na za mishahara zipo mpaka mwezi gani?

Dirisha bado liko wazi. Mwenye kadi na apeleke swali lake wiki hii, kabla ya Ngao ya Jamii.